Kadi ya Kumi

London, 6 Machi 1892

Dada Keziah mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na kikohozi cha baridi kimekuacha. Mimi sijambo, ila ukungu wa huku unanibana kifua na chai yao ni maji matupu.

Najua nimekawia. Baba alizikwa Januari nami sikuja, na tangu hapo kila nikishika kalamu kukuandikia naiweka chini. Wiki ile kurasa za kwanza za kamusi zilikuwa zinakwenda kupigwa chapa, na Bwana Thackwell, mkuu wetu, hakuniruhusu. Nisamehe kama unaweza.

Nina ombi. Kamusi yetu ni ya maneno ya Kiingereza ya kazi za mikono, na sasa tumefika kwenye uhunzi. Bwana Thackwell anataka kila neno lifuatwe mpaka lilikotoka: lilisemwaje miaka mia nane iliyopita, lilimaanisha nini, lilianza kubadilika lini. Vitabu vya kale ninavyo, vimenijaa hadi chini ya meza. Ninachokosa ni mtu anayeyasema maneno hayo leo, moto ukiwa mbele yake. Nimekuwekea kadi kumi. Kila kadi ina neno moja na maana tuliyoiandika sisi. Soma, sahihisha penye kosa, kisha unirudishie.

Jambo dogo: tafadhali usiandike juu ya bahasha "mwana wa mfua minyororo" kama ulivyofanya mara ile. Hapa ofisini wanajua kwamba baba alikuwa na biashara ya vyuma.

Wasalimie wote uani kwenye matanuri.

Mdogo wako,
Eli


Hollow Bank, 13 Machi 1892

Eli mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mgongo upo palepale ulipouacha, kikohozi nacho kipo, lakini nakula na nafanya kazi, kwa hiyo mimi ni mzima.

La baba nitalisema mara moja tu. Barua yangu ya msiba ilifika London siku ya pili, maana posta ya hapa bado ina miguu. Baba alikuulizia mara mbili kabla hajakata kauli, nami nikamwambia uko njiani. Uongo huo ni wangu na nitaujibia mbele za Mungu. Wako ujibie mwenyewe.

Eti biashara ya vyuma! Nilipomsomea Sabina Dunn, mjane wa tanuri la jirani, alicheka mpaka pete ya mnyororo iliyokuwa motoni ikaungua. "Basi mwandikie," akasema, "mimi nina biashara ya jasho."

Haya, kadi zako. Ya mvukuto ni sawa, sina neno. Ya nyundo ya mguu unauliza kwa nini tunaiita Oliva. Hakuna anayejua, wala baba hakujua. Mimi nimempiga Oliva mateke kila siku kwa miaka ishirini na minane, na ndiye mwanamume pekee katika ua huu anayefanya ninachomwambia. Andika hivyo.

Lakini ile ya kuunga chuma kwa moto mmeiharibu kabisa. Mmeandika "kulainisha chuma kisha kukiunganisha kwa nyundo." Nani kawaambia? Ukisubiri chuma kilainike tu, pete itafunga kwa macho lakini siku ya mzigo itafunguka, na aliyesimama chini yake atakufa. Chuma lazima kichemke, Eli. Uso wake ulowe, uone kama maji yanatembea juu yake, kitoe cheche nyeupe, ndipo upige. Baba alikupa kovu la kiganja kwa kosa hilohilo ulipokuwa na miaka tisa, na leo umelipeleka London na kuliandika kitabuni!

Nakurudishia kadi tisa. Na juu ya bahasha nitaandika ninachotaka.

Dada yako,
Keziah


London, 2 Aprili 1892

Dada yangu,

Salamu, na shukrani zisizo na mwisho. Kikohozi kikizidi chemsha vitunguu kwa siki kama alivyokuwa akifanya mama.

Sikulala vizuri tangu barua yako ije, na safari hii si kwa sababu ya kifua. Uliposema lazima chuma kichemke, nilirudi kwenye vitabu vya kale. Dada, neno letu la kuunga chuma lilizaliwa katika neno la kuchemka! Maji yabubujikayo na chuma kinachoungwa vilikuwa neno moja. Watu waliosahau ni sisi wa mezani. Nilimwonyesha Bwana Thackwell, naye akavua miwani na kuuliza, "Mtoa habari wako huyu ni nani?" Nikasema ni mtu ninayemfahamu.

Kuna mengine. Mvukuto na tumbo vilikuwa neno moja, maana vyote ni mfuko wa ngozi unaojaa na kupungua. Msumari na ukucha kwa Kiingereza chetu mpaka leo ni neno moja nasi hatushangai. Mama alifua misumari maisha yake yote kwa vidole visivyo na kucha. Na neno letu la chuma cha pua limetoka katika neno la zamani sana lenye maana ya kusimama imara, kutotikisika. Nililisoma hilo nikakukumbuka wewe umesimama mbele ya Oliva.

Kadi zilizorudi ni tisa. Ya kumi, ya neno "mhunzi", imebaki kwako. Ni ile tuliyoandika: "Mwanamume afanyaye kazi ya chuma kwa moto na nyundo." Umeisahau?

Mdogo wako,
Eli


Hollow Bank, Jumapili ya Pasaka, 17 Aprili 1892

Eli,

Salamu za Pasaka. Ijumaa Kuu hatukuwasha moto, kama kawaida, hakuna aliyegusa msumari. Nilipata siku nzima ya kukaa na kufikiri, na hilo si jambo zuri kwangu.

Nimefurahi kusikia kwamba waliokufa miaka mia nane iliyopita walikuwa na akili kukushinda wewe. Kadi ya kumi sijaisahau. Iko kwenye rafu, chini ya kopo la chai. Naiangalia kila asubuhi.

Sasa nikupe habari. Unakumbuka desturi ya Siku ya Klementi, mtakatifu wa wahunzi, tarehe ishirini na tatu Novemba: kuanzia saa sita mchana kila mwenye tanuri hutia baruti katika tundu la fuawe lake, huziba kwa kizibo cha mti, kisha huilipua kwa chuma cha moto. Fuawe likilia, jina lake linaandikwa kitabuni siku hiyohiyo na tanuri ni lake mwaka mzima. Fuawe likikaa kimya, Bwana Pargeter mwenye ua anampa tanuri mtu mwingine. Matanuri ni kumi. Manne ni ya wanaume. Matano ni ya wajane, na kila mjane huazima mwanamume wa kumlipulia, halafu jina linaloandikwa ni la huyo mwanamume. Lililobaki ni letu, namba saba. Baba alipougua nililishika miaka mitatu peke yangu, na Klementi iliyopita alinipa chuma cha kulipulia mbele ya watu wote akasema, "Mwakani ni yeye."

Sasa chama cha wanaume wafua minyororo, kinachogawa baruti, kimekaa kikao. Amos Brewster, mwenyekiti wao, alikuja akasimama mlangoni mwangu mikono mfukoni. "Keziah," anasema, "chama hakitatoa baruti kwa mwanamke. Tafuta mtu wa kuazima, au olewa." Nikamwambia, "Amos, wewe ulishaniposa mwaka wa sabini na tisa na nikakataa. Baruti ndiyo umeona itakurudishia heshima?" Sabina alipiga kelele ya furaha upande wa pili wa ukuta.

Lakini nimekasirika, Eli, na sitaficha. Desturi inasema "mwenye tanuri". Haikutaja ndevu. Pargeter mwenyewe hajasema lolote, anangoja aone upepo. Nitalipua kwa mkono wangu. Sitaazima mtu.

Dada yako,
Keziah


London, 9 Mei 1892

Dada yangu mpendwa,

Salamu. Mimi sijambo, kifua kimepoa na jua limeanza kuonekana.

Nimeifanyia kazi habari yako kana kwamba ni kesi. Sikiliza. Neno letu la mhunzi hapo mwanzo halikuwa la chuma wala la mwanamume. Lilikuwa la yeyote atengenezaye kitu kwa ustadi: wa mbao, wa dhahabu, wa chuma. Chuma kililimeza neno baadaye. Na ndevu, kama usemavyo, hazimo.

Lingine litakuchekesha. Zamani kazi nyingi za wanawake zilikuwa na mwisho wake maalumu wa jina. Jina Brewster, la Amos wako, lilikuwa jina la mwanamke apikaye pombe. Anatembea na jina la bibi mpika pombe tangu alipobatizwa! Na lile neno wanalowaitia ninyi msioolewa, wakilisema kwa pua, lilikuwa neno la kazi tu: msokota nyuzi. Mwanamke mwenye kazi yake. Nimekunakilia yote kwenye karatasi, uyasome mbele ya chama.

Na ili usihangaike zaidi, nimeshamwandikia Bwana Pargeter. Nimemweleza kwamba mimi ndiye mwana wa marehemu, kwamba tanuri namba saba ni langu kwa urithi, na kwamba wewe unalitumia kwa ridhaa yangu. Hawezi kukugusa sasa. Kula vizuri, lala vizuri.

Mdogo wako,
Eli


Hollow Bank, 20 Mei 1892

Eli,

Mimi ni mzima.

Jumamosi Bwana Pargeter alisimama langoni akasoma barua yako kwa sauti, watu wote wakiwa pale. Kisha akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akasema: "Basi mwenye tanuri ni Eli Tromans. Siku ya Klementi aje alipue kwa mkono wake. Asipokuja, tanuri linarudi kwangu." Amos akapiga makofi. Mkwe wake alishaanza kulipima tanuri letu kwa hatua.

Mpaka Ijumaa Pargeter hakuwa na karatasi yoyote dhidi yangu. Alikuwa na desturi, na desturi ilikuwa upande wangu. Wewe umempa karatasi.

Eti ridhaa yako! Miaka ishirini na minane nimesimama pale. Viatu vya kukupeleka shule nilivinunua mimi kwa minyororo. Umejua neno la mhunzi lilitoka wapi, ukajua wapika pombe na wasokota nyuzi, halafu ukachukua kalamu na kuandika kwamba dada yako anatumia tanuri kwa ridhaa yako.

Usiniandikie.

Keziah


London, 4 Juni 1892

Dada Keziah,

Najua umenikataza. Salamu hata hivyo.

Niliisoma barua yako nimesimama ngazini. Nilidhani naweka ukuta wa kukukinga. Nimemwandikia Pargeter tena kwamba nafuta maneno yangu, naye amenijibu mstari mmoja: madai ya tanuri hufutwa kwa mdomo, uani, si kwa posta. Najua hilo ni kweli, baba alikuwa akilisema.

Nitakuja Novemba. Nitalipua kwa jina langu, kisha mwaka mzima hakuna atakayekusumbua.

Nisamehe.
Eli


London, 21 Agosti 1892

Dada,

Salamu. Natumai u mzima. Sina njia ya kujua.

Nimeng'amua kwamba barua yangu ya Juni ilikuwa kosa lilelile katika koti jingine. Sitalipua. Niambie tu unachotaka nifanye.

Wiki iliyopita Bwana Thackwell aliuliza tena mtoa habari wa neno la kuunga chuma ni nani, maana lazima jina liandikwe. Chumba kilikuwa kimejaa. Nikasema: "Ni dada yangu, Keziah Tromans, mfua minyororo, na baba yetu alikuwa mfua minyororo, na mimi nilipigwa nyundo ya kiganja nikakimbilia vitabuni." Mmoja akacheka. Wengine wakaendelea kuandika. Miaka kumi nimeogopa sentensi hiyo, na ilikwisha kabla chai haijapoa.

Kadi ya kumi bado naingoja.

Mdogo wako,
Eli


Hollow Bank, 30 Oktoba 1892

Eli,

Salamu. Kikohozi kimerudi na baridi. Sabina anakusalimu, anauliza biashara ya vyuma inakwendaje.

Barua zako zote mbili nilizisoma. Ya Agosti niliisoma mara nne. Sitakwambia zaidi ya hapo.

Hivi ndivyo itakavyokuwa. Utakuja kwa treni ya asubuhi tarehe ishirini na tatu. Utasimama katikati ya ua, mbele ya Pargeter na kila mtu, na utasema kwa mdomo wako kwamba tanuri si lako na halijawahi kuwa lako. Hutasema ni langu, maana hilo si lako kulitoa. Hutagusa chuma. Hutasoma ile karatasi ya vitabu. Kisha utaondoka. Sitaki mwanamume yeyote wa ukoo wetu awe uani nitakapolipua, wasije wakasema ulinishika mkono.

Baruti ninayo. Usiulize. Kizibo nimekikata kutoka mpini wa nyundo ya baba, mti ni mkavu na unaingia kwenye tundu la fuawe barabara.

Amos naye amezidi. Agosti aliwakataza wanaume wote wasiwalipulie wajane mwaka huu, kwa sababu wajane hunywa chai nyumbani kwangu. Kwa hiyo matanuri yatakayokuwa kimya ni matano, na langu la sita, ndivyo anavyohesabu. Sabina ana watoto wanne. Nilimwambia anaweza kuacha kuja kwangu, sitamlaumu. Alinitukana tusi ambalo halimo katika kamusi yenu.

Vaa koti zito.

Dada yako,
Keziah


London, 24 Novemba 1892

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa mtu ambaye masikio yake bado yanalia.

Naandika kwa sababu hukuniangalia jana hata mara moja, na kuna mambo nataka uyajue. Nilipoingia langoni Amos alipaza sauti, "Bwana mwenye kofia, umekuja kununua ua au kuukagua?" Watu wakacheka, hata walionilea. Nilivua kofia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kwenye treni, yakapotea yote. Nikasema tu, "Tanuri namba saba si langu. Halijawahi kuwa langu. Niliandika uongo." Sikuona haya. Pargeter aliniangalia kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Nikaona umeinamisha kichwa ukikaza kizibo, nikaondoka kama ulivyoagiza.

Wanaume wanne walikuwa wameshalipua kabla sijafika. Nilitembea mpaka stesheni, nikasimama jukwaani. Dakika zilipita, moja, tano, kumi. Nikafikiri wamekuzuia. Nikafikiri baruti imelowa. Nilikuwa nimeshashuka ngazi nirudi, wewe useme utakalo, ndipo nikausikia mlipuko wako. Vioo vya chumba cha tiketi vilitikisika. Mkuu wa stesheni akasema, "Huo ndio mkubwa wa leo." Nikamwambia, "Huyo ni dada yangu," nikalia mbele yake.

Lakini Keziah, halafu nikasikia mwingine. Na mwingine. Nilihesabu sita kabla treni haijaja. Baruti uliyokuwa nayo ni ya mmoja tu, na wanaume walikatazwa. Nani alilipua?

Bwana Thackwell ananisubiri na herufi tunayoishughulikia kamusini inafungwa mwisho wa mwezi. Kama hutairudisha kadi, nitaiacha nafasi yake wazi.

Mdogo wako,
Eli


Hollow Bank, 27 Novemba 1892

Eli mdogo wangu,

Salamu. Sikio la kushoto halisikii vizuri, la kulia linatosha. Nilikuona. Ulipovua kofia nilikuona, nikainamisha kichwa ili nisikusamehe mbele ya Amos.

Dakika kumi zile Pargeter alikuwa akibishana. Alisema mwanamke hajawahi kulipua. Nikamwambia asogee, chuma changu kinapoa. Hakusogea, kwa hiyo nilikirudisha motoni mpaka kikawa cheupe, nikatoka nacho mkononi nikitembea polepole kuelekea fuawe, na yeye alikuwa katikati. Akasogea.

Baruti niliipata kwa kaka yake Sabina, machimboni. Ulidhani ni ya mmoja tu kwa sababu hata Amos alidhani hivyo. Tangu Agosti tulikuwa tunaileta kidogokidogo ndani ya vyungu vya uji wa shayiri, na kila mjane alikuwa amekata kizibo chake kutoka mpini wa nyundo yake. Langu lilipolia, Sabina aliniomba chuma. Kilikuwa bado chekundu. Akalipua, akampa mwenzake, naye akampa mwingine. Yule wa mwisho, bibi wa miaka sabini na moja, ilibidi akipashe moto upya, na ua mzima ukamsubiri. Hata wanaume wawili walivua kofia. Amos hakuvua, lakini hakuondoka.

Desturi ni kuandika majina siku hiyohiyo, nasi tulikizunguka kitabu mpaka Pargeter akaandika. Majina sita, kila mmoja lake, hakuna la kuazima. Pargeter anasema atamuuliza wakili. Amuulize. Alhamisi asubuhi mioto yote kumi ilikuwa inawaka.

Krismasi njoo. Kuna nyama na kuna kitanda. Oliva amekukumbuka.

Kadi yako ya kumi ndiyo hiyo. Sina kalamu nzuri kama zenu, kwa hiyo neno la kwanza la maana yenu, lile "Mwanamume", nimelitoboa kwa ncha ya moto ya chuma kilekile. Karatasi haikushika moto, nilikuwa makini. Mengine yaliyobaki ni sawa. Mwambie Bwana Thackwell asilizibe hilo tundu.

Dada yako,
Keziah Tromans, mhunzi